Piza ya Buluo na Kipande cha Nane



Leo naomba ruhusa niwaelezee chakula. Chakula chenyewe ni piza, na inapatikana Buluo. Najua kuna wenye kucheka tayari. Ukimwambia mtu wa Lubumbashi kwamba unaenda Buluo, atakuuliza ni nani amefungwa, kwa sababu jina la mahali hapa linajulikana inje kwa gereza lake. Na sisi wenyewe wa Likasi, tukisikia piza, tunawaza Lubumbashi, karibu kilometa 120 za barabara. Kumbe ilikuwa hapa hapa, ndani ya lupango moja lenye mti wa maembe.

Tuliipata bila kuitafuta. Ilikuwa mwezi wa kwanza, mvua zikiwa kali. Tulikuwa mama watatu tunatoka kwenye kilio. Tulilala kule usiku kucha, tukaimba, tukasaidia kupika bukari ya watu wengi, na asubuhi tukaosha masufuria. Lakini sisi wenyewe hatukuwa tumekula kitu cha maana. Mama wengi mnajua namna hiyo: unapika sufuria tatu, na wewe unaondoka na njaa. Tulipokuwa njiani mvua ikatushika. Tukakimbilia chini ya bati la kwanza tuliloliona.

Sauti ya mama ikatoka ndani: "Ingieni, bamama, mutalowana. Moto iko huku."

Moto kweli ulikuwepo. Chini ya kibanda cha bati kulikuwa na oveni kubwa ya mviringo, imejengwa kwa matofali ya udongo wa kichuguu. Wote tunavijua vichuguu vya kwetu, vingine vinapita urefu wa nyumba. Udongo wake ni laini na unashikana vizuri, ndiyo sababu wafyatua matofali wanaupenda. Yule mama alituambia kwamba oveni yake ilijengwa kwa kichuguu kilichokuwa katika lupango hilo hilo. Walikibomoa ili wapate nafasi ya kujenga, na udongo ukageuka kazi.

Yeye ni mama wa mikate. Wengi wa Buluo wanakula mkate wake kila asubuhi bila kumjua. Lakini siku hiyo, juu ya ubao, kulikuwa na kitu cha mviringo, chekundu katikati, na pembeni kimevimba na kuungua madoa madoa. Tuliangalia. Naye alituangalia, akaona macho yetu, na bila kuuliza akakata vipande vitatu.

Nimekula piza mara mbili katika maisha yangu kabla ya siku hiyo, zote katika arusi za watu wenye uwezo, zote zikiwa baridi na ngumu kama kandambili. Hii ilikuwa kitu kingine. Chini ilikuwa nyembamba na kavu, pembeni laini kama mkate wa asubuhi. Tomate zilipikwa na kitunguu mpaka zikaacha maji. Juu yake kulikuwa na bowa, ule wa rangi ya manjano ambao mama wanauza kando ya barabara wakati wa mvua, umekaangwa kwanza katika mafuta hadi ukakauka. Fromaji ilikuwa kidogo, ya kuonja tu. Na pilipili. Mmoja wetu, ambaye hapendi kusifu kitu, alikula kipande chake chote, akalamba kidole, akauliza: "Mama, hii umeipata wapi?"

Mama akajibu: "Miye najua mukate. Piza ni mukate wenye kuvaa."

Tulipotaka kulipa alikataa. Alisema mtu anayetoka kwenye kilio halipi. Lakini alitutajia bei: piza moja kubwa, franka 15,000. Na alituambia siku: Siku ya Posho tu, kuanzia saa kumi mchana.

Siku chache kisha hapo, likelemba yetu ilifikia mwisho wa mzunguko. Tuko mama wanane. Kila juma kila mmoja anatoa, na mmoja anapokea. Anayechelewa kwenye mkutano analipa faini ya franka 1,000 katika sanduku. Mwisho wa mzunguko tulifungua sanduku, tukakuta franka 84,000. Kila mwaka pesa hizo zinaisha kwa soda na biskuti. Mimi nikasema: mwaka huu twende Buluo, tukae mezani, tule.

Bamama, mabishano yaliyotokea sikuyatazamia. Mmoja alisema: "Mama wa watu anaweza kwenda kula inje na kuacha batoto na bukari kavu?" Mwingine alisema bwana wake atauliza kama siku hizi nyumbani hakuna chakula. Wa tatu alisema pesa hiyo itoshe kununua farini ya kugawana. Yote ni maneno ya kweli. Lakini yaya wetu mkubwa, aliyezaliwa mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Munajua juu ya nini siku ile inaitwa Siku ya Posho?"

Akatukumbusha. Katika makambi ya Union Minière, mfanyakazi alipewa posho, yaani chakula cha juma: unga, samaki, nyama, chumvi, mafuta. Jina la chakula likabaki kuwa jina la siku. Mama yake alikuwa anapanga mstari na kikapu, anapokea posho, anaibeba kichwani, na kazi yake ndiyo ilikuwa inaanza: kupepeta, kuwasha moto, kupika, kugawa, kuosha. Yaya akasema: "Maisha yake yote mama alipokea chakula kibichi. Sikumuona hata siku moja anapokea sahani yenye kupikwa na mutu mwingine. Alikufa vile."

Hakuna aliyebisha tena. Tulipiga kura kwa mikono: saba walikubali. Nasema saba kwa sababu wa nane hakuwepo.

Huyo wa nane ni mwenzetu tuliyeanza naye. Alikuwa hajafika kwenye mikutano mitatu mfululizo, na michango yake miwili ilikuwa haijaingia. Tulisema maneno ambayo watu wanasema: labda anasafiri, labda ana kiburi sasa, labda amekula pesa. Alikuwa amekwisha kupokea zamu yake, na mtu anayepokea kisha anapotea ni jambo baya sana katika likelemba. Hakuna aliyeenda kwake kuuliza. Mimi pia sikuenda, na kwake ni mwendo wa dakika kumi tu kutoka kwangu.

Siku ya Posho tulifika Buluo, mama saba wenye vitenge vya kanisa. Watoto tuliwaachia chakula tayari, na wengine tuliwaachia baba zao, na dunia haikuanguka. Mama mwenye oveni alikuwa ametupangia meza mbili pamoja, na viti vinane, kwa sababu nilimwambia tuko wanane. Hakuna aliyeondoa kile kiti kimoja.

Aliturudisha kwenye oveni ili tuone kazi. Nayaandika hapa kwa sababu yanafaa hata kwa mtu anayetaka kufungua kazi ndogo. Anawasha kuni saa nane. Moto unawaka ndani ya oveni yenyewe mpaka ukuta wa ndani, ambao ulikuwa mweusi kwa moshi, unageuka mweupe. Saa kumi anasukuma makala pembeni na kufagia sakafu kwa kitambaa chenye maji kwenye mti mrefu. Wakati huo moto ni mkali sana kwa mkate: ungeungua inje na kubaki mbichi ndani. Zamani alikuwa anakaa tu kungojea oveni ipoe. Sasa, katika muda huo wa kungojea, anapika piza, kwa sababu piza inataka moto mkali na inaiva kwa dakika chache tu. Oveni ikipungua moto, anatupa unga kidogo kwenye sakafu yake. Unga ukigeuka mweusi mara moja, bado. Ukigeuka rangi ya kahawia polepole, mikate inaingia. "Kuni ni zile zile," alisema. "Piza haikuongeza hata kipande kimoja."

Mnaona akili hiyo? Kuni na makala vimekuwa ghali kwetu wote, na miti inazidi kuwa mbali na mji. Yeye hakutafuta moto mpya, alitumia ule uliokuwa unapotea.

Mkate alifundishwa na bibi yake, aliyejifunza katika foyer social ya kampuni, kule ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Piza aliijua alipokuwa anatumika jikoni katika nyumba moja ya chakula kule Lubumbashi. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa anaangalia huku anaosha. Farini inatoka inje ya nchi, na franka ikianguka, bei ya mfuko inapanda. Kwa hiyo anachanganya sehemu moja ya unga wa muhogo na sehemu tisa za farini. Tulikula bila kugundua.

Tuliagiza piza nne: mbili za bowa, moja ya nyama ya kusaga, na moja ya ndagala. Hiyo ya ndagala iligawa meza. Mimi niliipenda sana: ndagala wakavu waliokaangwa, chumvi yao inafaa na tomate. Mwenzangu wa kushoto alisema ndagala ni wa bukari na waachwe na bukari. Basi, kila mtu na mdomo wake.

Kati yetu kuna mwalimu, na mwalimu hawezi kula bila kufundisha. Alituambia kwamba piza inatoka Napoli, kule Italia, na zamani ilikuwa chakula cha maskini, kinauzwa barabarani kwa watu wasio na jiko. Mwaka 2017 UNESCO iliandika kazi ya wapika piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa binadamu. Na hata tomate, ambazo bila hizo Waitaliano leo hawajui kuishi, zilitoka Amerika, kama vile muhogo na mahindi yetu. Akasema pia kwamba Zanzibar, pale Forodhani, wanayo piza yao: chapati nyembamba yenye kukunjwa na nyama na yai ndani, inakaangwa kwenye chuma. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba piza ya bowa si piza. Kila mahali inavaa nguo za kwao.

Tulicheka mchana ule. Yaya wetu mkubwa alikaa wima kabisa, mikono juu ya meza, na sahani ilipowekwa mbele yake hakuigusa kwanza. Aliiangalia. Kisha akasema, "Asante, mama," kwa sauti ya chini, na tukajua hakuwa anamwambia mwenye oveni peke yake.

Sasa, kila piza ilikuwa imekatwa vipande vinane. Sisi tulikuwa saba. Piza ya kwanza ilipoisha, kipande kimoja kilibaki kwenye ubao. Ya pili, vile vile. Tulikuwa na njaa, na piza ilikuwa tamu, lakini mkono wa mtu yeyote haukuenda kwenye kipande cha nane. Mwishoni kulikuwa na vipande vinne vimepangwa, kimoja cha kila piza, mbele ya kiti kitupu. Hakuna aliyesema neno. Mama mwenye oveni alikuja kuondoa ubao, akaviona, akauliza: "Ya nani?"

Mtunza sanduku ndiye aliyejibu: "Ya mwenzetu. Tutamupelekea."

Tulilipa franka 60,000 za piza na 14,000 za tangawisi. Zikabaki 10,000 za taksi. Tukaenda wote saba, na vipande vinne ndani ya karatasi, bado vina moto kidogo.

Tulimkuta ameketi mlangoni, anasafisha bowa kwa kisu. Alipotuona saba pamoja, alisimama haraka, na uso wake ulibadilika. Baadaye alituambia aliwaza kwamba tumekuja kuchukua vitu vyake kwa ajili ya deni. Mwenzetu, tuliyezaa naye watoto wakati mmoja, alituona tunakuja akaogopa. Neno hilo lilinichoma kuliko pilipili.

Hakuwa amesafiri, wala hakuwa na kiburi. Mtoto wake aliugua, pesa ya biashara ikaishia kwenye dawa. Juma la kwanza alikosa mchango, akaona haya kuja mikono mitupu. Juma la pili haya ikaongezeka. Juma la tatu alifika mpaka kwenye kona ya barabara, akasikia tunaimba, akarudi. Sasa alikuwa anaamka usiku kwenda porini kutafuta bowa pamoja na shangazi yake, mtu anayeujua vizuri, ili akusanye pesa kidogo kidogo mpaka deni liishe. Alikuwa na bahasha tayari. Ndani mlikuwa na franka 11,000.

Tuliketi chini pamoja naye, tukamfungulia karatasi. Alikula kipande cha bowa kwanza. Alitafuna polepole, akafikiri, kisha akasema kama mtu wa kazi: "Bowa huu ulioshwa na maji mengi. Unapoteza harufu. Unapaswa kusafishwa kwa kisu na kitambaa."

Tukacheka wote mpaka machozi. Na mwenzetu mmoja, yule asiyependa kusifu, akasema: "Basi kesho tunakwenda na wewe Buluo, umwambie mwenyewe."

Walikwenda kweli. Mpaka mvua zilipoisha, mwenzetu alikuwa akipeleka kikapu cha bowa kwa mama mwenye oveni kila Siku ya Posho asubuhi, safi, bila mchanga. Deni amelipa nusu. Kiangazi bowa haupo, na itabidi atafute kitu kingine. Sitawadanganya kwamba mambo yote yamenyooka.

Lakini likelemba yetu imebadilisha sheria, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Sheria mpya ni tatu. Kwanza: asiyekuwa na mchango anakuja hata hivyo, mikono mitupu, na anasema mbele ya wote, bila faini. Pili: mtu akikosa mkutano mmoja bila habari, wawili wanakwenda kwake kabla ya juma kuisha, si kudai, ila kuuliza hali. Tatu: pesa ya sanduku inakwenda kwenye meza, mara moja kila mzunguko, na viti ni vinane. Kama likelemba yako inajua kuhesabu franka lakini haijui kuhesabu viti, fikirini pamoja juu ya jambo hilo.

Wale ambao Buluo ni mbali kwao, mama mwenye oveni ameniruhusu niwape namna ya kupika piza nyumbani kwenye mbabula.

Chukua vikombe vitatu vya farini, kijiko kidogo cha levire, kijiko kidogo cha chumvi, sukari kidogo na vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Ongeza maji ya vuguvugu, kama kikombe kimoja na kidogo, ukikanda dakika kumi mpaka unga usishike tena mikono. Funika, acha saa moja na nusu, uumuke. Wakati huo kaanga kitunguu na tomate mpaka maji yaishe kabisa. Tomate zenye maji ndizo zinaharibu piza. Ukitumia bowa, kaanga peke yake kwanza. Na nunua bowa kwa mtu unayemfahamu tu: kuna bowa unaoua, na kupika hakuondoi sumu yake.

Pasha sufuria nzito tupu kwenye mbabula. Paka mafuta, tandaza unga wako mwembamba kama kidole kidogo, weka tomate na vyote unavyotaka, lakini usijaze. Funika kwa kifuniko cha chuma. Punguza makala chini na weka makala mengi zaidi juu ya kifuniko. Angalia baada ya dakika kumi na tano. Pembeni pakigeuka kahawia na chini pakisikika pakavu ukigonga kwa kijiko, imeiva.

Kata vipande vinane, hata kama nyumbani mko sita. Halafu angalia ni nani hajafika.